Msondo na Sauti: Bi Kidude kama Mpigaji Ngoma

Ikisiri

Fatuma binti Baraka, anayejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, amehakikiwa kwa kiasi kikubwa kama mwimbaji wa taarabu na mrithi wa Siti binti Saad. Upigaji wake wa msondo, ngoma ndefu ya unyago, hutajwa mara kwa mara lakini ni nadra kuhakikiwa kama sanaa inayojitegemea. Makala hii inadai kwamba msondo haukuwa nyongeza katika usanii wake. Ndio uliokuwa chuo chake cha wizani, na hata uimbaji wake wa taarabu hauwezi kufahamika vyema bila kuurejelea. Kwa kutumia mjadala wa arudhi ya Kiswahili na dhana ya ngomezi, makala inaonesha jinsi mazoea ya kuhakiki nyimbo kwa maneno yake peke yake yalivyoficha kipaji hicho, na inapendekeza namna ya kunukuu nyimbo za ngoma itakayoupa mkono wa mpigaji nafasi yake bila kuvunja miiko ya unyago.

1.0 Utangulizi

Bi Kidude alifariki dunia tarehe 17 Aprili 2013 huko Bububu, Unguja. Alikuwa mtoto wa muuza nazi, na mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa zama za rupia, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hadi anaondoka, jina lake lilikuwa limevuka mipaka ya visiwa: alikuwa amepokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005, alikuwa amesafiri Ulaya na vikundi vya taarabu, kikiwamo Culture Musical Club, na maisha yake yalikuwa yameoneshwa katika filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006. Maombolezo yaliyofuata yalimlilia mwimbaji. Alisifiwa kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, kwa umri wake, kwa ucheshi wake na kwa sigara yake.

Sifa hizo zote alistahili. Hata hivyo, zinaacha pengo. Bi Kidude alikuwa pia mpigaji ngoma, na si wa kubahatisha. Alikuwa somo wa unyago, mwanamke aliyefunda wari kwa miaka mingi, na chombo chake katika kazi hiyo kilikuwa msondo. Watazamaji wa maonesho yake wanaikumbuka vyema taswira ya kikongwe aliyeufunga msondo kiunoni kwa kitambaa, ukiwa katikati ya miguu yake, akiupiga kwa viganja huku akiimba na kuwaongoza wenzake. Taswira hiyo imepigwa picha mno. Kuhakikiwa ni jambo jingine. Katika maandishi mengi hutajwa kama kionjo: jambo la kushangaza kwa mtu wa umri ule, au kituko cha kumalizia onesho baada ya nyimbo “zenyewe” kwisha.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, itakuwaje iwapo uhakiki utauanza usanii wa Bi Kidude kwenye ngoma, kisha ndipo uelekee kwenye sauti? Hoja inayojengwa ni kwamba mpangilio huo unabadilisha mengi. Unaeleza sifa za uimbaji wake ambazo vinginevyo huonekana kuwa kasoro za uzee, na unazigusa kanuni ambazo wahakiki wa ushairi wa Kiswahili huzitumia kupima kazi zisizoandikwa.

2.0 Sifa iliyoegemea sauti

Namna Bi Kidude alivyopokewa iliandaliwa kabla yake. Siti binti Saad (1880–1950) ndiye aliyemfungulia mwanamke wa Unguja njia ya kuwa msanii mwenye jina. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na nyimbo zake zikasambaa katika mwambao mzima. Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao mpaka leo ni miongoni mwa maandishi muhimu ya nathari ya Kiswahili. Santuri na wasifu vilifanya kazi moja: vilimtambulisha mwanamke msanii kuwa ni sauti. Santuri ilibeba sauti ikauacha mwili. Wasifu nao ukaipamba sauti hiyo kama karama iliyomwinua mtu wa hali ya chini.

Bi Kidude alisimulia mara nyingi kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti tangu utotoni, na baadhi ya nyimbo alizopendwa nazo, kama vile “Kijiti”, zilitoka katika hazina ya Siti. Ilikuwa rahisi, basi, kumwingiza katika nasaba hiyo na kumwita mrithi. Nasaba hiyo ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Kwa upande wa taarabu, Bi Kidude alikuwa mwanafunzi aliyepokea nyimbo za mwalimu. Kwa upande wa unyago, yeye mwenyewe alikuwa mwalimu. Uhakiki uliomtazama kwa jicho la kwanza tu ulimweka mahali pa mfuasi hata pale alipokuwa kiongozi.

Sababu ya pili ni ya kitabaka. Kwa mapokeo ya Unguja, taarabu ilianza kwenye kasri la Sultani Barghash (aliyetawala 1870–1888), aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kikaipa sanaa hiyo sura ya jamii ya waungwana: fidla, udi, kanuni, wapigaji walioketi kwa adabu. Unyago ulikuwa na asili nyingine. Ulikuja na watu wa bara, wengi wao wakiwa wametoka kusini kwa njia ya utumwa, na uliendelea kukumbusha asili hiyo hata baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za Unguja, ameonesha jinsi ngoma, mavazi na nyimbo vilivyokuwa uwanja wa watu wa Ng’ambo kujipambanua upya baada ya utumwa. Katika ngazi hiyo ya heshima, fidla ilikuwa juu na msondo ulikuwa chini. Msanii aliyebobea katika vyote viwili alisifiwa kwa kile cha juu.

Sababu ya tatu ni ya kimfumo. Katika bendi ya taarabu, mwimbaji husimama mbele na wapigaji hukaa nyuma yake. Midundo hushikwa na dumbak, tari na bongo, aghalabu mikononi mwa wanaume. Mpangilio huo unafundisha jicho kutenganisha mwimbaji na mpigaji. Lugha yenyewe haitenganishi hivyo. Neno “ngoma” katika Kiswahili ni chombo, ni uchezaji, ni wimbo, na ni hafla nzima inayovikusanya hivyo vyote. Anayesema “tunakwenda ngomani” hasemi anakwenda kukitazama chombo. Bi Kidude alikuwa msanii wa ngoma kwa maana hiyo pana, lakini alihakikiwa kwa mgawanyo wa kazi wa bendi.

3.0 Msondo na mamlaka ya somo

Msondo ni ngoma ndefu na nyembamba, yenye ngozi upande mmoja, inayopigwa kwa mikono. Katika ngoma za wanawake wa mwambao huambatana na ngoma nyingine kama vile chapuo na vumi. Kila moja ina nafasi yake. Kuna ngoma zinazoshika mzunguko usiobadilika, na kuna ngoma inayozungumza juu ya mzunguko huo: inauliza, inakatisha, inahimiza, inaashiria kwamba wimbo mmoja umekwisha na mwingine unaanza. Aliyeshika ngoma hii ya pili ndiye anayeongoza hafla.

Jambo hili lina uzito maalumu katika unyago. Unyago ni mafunzo. Wari hufundwa mambo ya utu uzima, ya ndoa na ya mwili wao, na mafunzo hayo hupitishwa kwa nyimbo, mafumbo, vitendo na uchezaji. Somo hahutubii. Anaimba, wenzake wanaitikia, mwari anatenda. Kinachoviunganisha vitendo hivyo vitatu ni ngoma. Pigo likibadilika, mwari anajua kwamba sasa kinatakiwa kitendo kingine. Likirudiwa, anajua kwamba hajakielewa kilichotangulia. Kwa hiyo somo anayepiga ngoma mwenyewe anashika usukani wa somo lake. Hamtegemei mpigaji mwingine kumfuata. Anaweza kurefusha mzunguko kwa ajili ya mwari mwenye haya au kuufupisha anapoona kwamba jambo limeingia.

Mkao wa Bi Kidude unafaa kutazamwa kwa msingi huo. Wengi wameuona kuwa kituko au uchokozi, na hakuna haja ya kukana kwamba una uchokozi ndani yake, kwa kuwa unyago huzungumza waziwazi kuhusu mwili. Lakini mkao huo una faida za kiufundi. Ngoma iliyofungwa kiunoni inaiacha mikono yote miwili huru. Inamruhusu mpigaji kusimama, kusogea na kumkabili mwari uso kwa uso. Zaidi ya hayo, inaunganisha chombo na nyonga, hivi kwamba mwendo wa uchezaji na mwendo wa pigo hutoka katika chanzo kimoja. Mpigaji aliyeketi huutazama uchezaji na kuufuata. Mpigaji wa msondo aliyesimama anaucheza.

Kuna pia suala la nguvu. Kuimba huku ukipiga si sawa na kuimba na kupiga. Pumzi ya wimbo na juhudi ya mikono hugombania kifua kimoja, na msanii asiyezoea hupoteza kimojawapo: sauti hulegea pigo linapokazwa, au pigo huyumba sauti inapopanda. Bi Kidude alifanya vyote viwili hadharani akiwa na umri ambao wengi hawawezi kusimama muda mrefu. Watazamaji waliliita hilo ajabu. Linafaa kuitwa ujuzi, kwa sababu ajabu haina historia, na ujuzi una miaka ya mazoezi nyuma yake.

4.0 Mizani ya silabi na mizani ya ngoma

Hapa ndipo suala la Bi Kidude linapokutana na fasihi. Arudhi ya Kiswahili, kama ilivyoratibiwa na Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), hupima mstari kwa idadi ya silabi. Shairi la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mstari, nane kila kipande. Utenzi una mizani nane. Mjadala mkali wa miaka ya 1970, uliochochewa na kazi kama Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974), ulihusu iwapo vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi au ni mapokeo ya kipindi fulani tu. Wanamabadiliko walikumbusha kwamba ushairi wa Kibantu ulikuwapo kabla ya vina na mizani kuratibiwa, nao uliimbwa. Pamoja na ukumbusho huo, mjadala wenyewe uliendeshwa kwa mifano iliyoandikwa, na swali la ni kitu gani kilichoupimia ushairi ulioimbwa halikupewa uzito uleule.

Nyimbo za ngoma za wanawake huumia pande zote mbili. Zikiandikwa kwenye karatasi, mistari yake huonekana haina ulinganifu: mmoja mfupi, wa pili mrefu, wa tatu ni mwito wa neno moja. Mwanamapokeo ataona mizani imevunjwa. Mwanamabadiliko ataona uhuru. Wote wawili watakuwa wamekosea, kwa sababu mistari hiyo ina kipimo kikali ambacho hakikuandikwa. Kipimo hicho ni mzunguko wa ngoma.

Mfano wa kubuni, usiotoka katika unyago wowote, utasaidia. Tuseme kuna vipande viwili: “Mwana njoo”, wenye silabi nne, na “Mwana wa mwenzangu kaa hapa”, wenye silabi kumi. Kwenye karatasi havilingani. Sasa tuchukue mzunguko wa vipigo vidogo kumi na viwili, aina ya mzunguko iliyoenea sana katika ngoma za Afrika. Kipande cha kwanza kinaujaza mzunguko kwa kuipa kila silabi vipigo vitatu. Kipande cha pili kinaujaza kwa kuipa kila silabi kipigo kimoja na kuacha viwili vya mwisho vitupu, ambamo waitikiaji huvuta pumzi ya kuitikia. Vipande vyote viwili vina urefu mmoja kamili. Kinachotofautiana ni msongamano wa maneno, na tofauti hiyo inabeba maana: mwito wa kwanza unavuta, kauli ya pili inaharakisha. Mhakiki anayehesabu silabi peke yake hatausikia mvuto wala haraka.

Dhana ya ngomezi inafaa kuingizwa hapa, kwa tahadhari. M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa fasihi simulizi, aliipa fasihi ya ngoma utanzu wake na kuuita ngomezi. Kwa maana finyu, ngomezi ni ngoma inayoiga usemi na kupeleka ujumbe. Ngoma za namna hiyo hustawi katika lugha za toni, kwani panda-shuka ya sauti ya neno inaweza kuigwa na ngoma mbili au tatu zenye vimo tofauti. Kiswahili kimepoteza toni ya kileksika. Hakina budi kutegemea mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo msondo hauwezi kutamka neno la Kiswahili jinsi ngoma za lugha za toni zinavyoweza kutamka maneno yake. Je, hii ina maana kwamba hausemi?

Jibu ni kwamba unasema kwa njia ya mkazo. Katika usemi wa kawaida, mahali pa mkazo panajulikana. Katika wimbo wa ngoma, pigo zito la mzunguko linaweza kuangukia juu ya mkazo huo, na hapo neno hutulia. Au linaweza kuukwepa, na hapo neno huning’inia likisubiri. Mpigaji anayeimba mwenyewe ana uwezo ambao mwimbaji peke yake hana: anaweza kulisogeza neno kuelekea pigo, au pigo kuelekea neno. Kejeli, fumbo na karipio mara nyingi hukaa katika nafasi hiyo ndogo kati ya viwili hivyo. Hii ni ngomezi ya Kiswahili katika maana pana ya dhana hiyo, na somo wa unyago ni bingwa wake.

5.0 Sauti iliyofundwa na ngoma

Ukisikilizwa baada ya hoja hizo, uimbaji wa taarabu wa Bi Kidude unajitokeza upya. Wimbo “Muhogo wa Jang’ombe”, uliopendwa naye kuliko nyingi nyingine na ambao hadhira ilikuwa ikiudai popote alipokwenda, unafaa kuwa mfano. Mahadhi yake ni ya taarabu, vyombo ni vya taarabu, na fidla hujibu kila mwisho wa ubeti. Hata hivyo, sauti inayoingia haiendi kama sauti za taarabu zilizofuata mtindo wa Misri. Mambo matatu yanaitofautisha.

La kwanza ni jinsi anavyoanza neno. Waimbaji wengi wa taarabu huliteleza neno la kwanza, wakiingia kwa irabu laini. Bi Kidude huligonga. Konsonanti zake ni nzito na kavu, mithili ya kiganja kinapokutana na ngozi, na irabu hufuata kama mvumo unavyofuata pigo. La pili ni jinsi anavyomaliza. Hapendelei kuirefusha irabu ya mwisho na kuipamba kwa mawimbi ya sauti. Huikata, naye huacha kimya kidogo kabla ya vyombo kujibu, kama mpigaji anayeizima ngozi kwa kiganja ili pigo linalofuata lisikike safi. La tatu ni mahali anapoliweka neno. Mara nyingi huingia nyuma kidogo ya pigo la bendi, kisha akafidia kwa kuzisonga silabi zinazofuata, na akawahi mwisho wa mstari bila kuchelewa. Aliyezoea kusikiliza mahadhi tu ataona ameteleza. Anayesikiliza midundo ataona ameongeza ngoma ambayo haikuwamo kwenye bendi, na ngoma hiyo ni sauti yake.

Pingamizi moja ni la lazima kujibiwa. Rekodi nyingi zinazojulikana za Bi Kidude zilifanywa katika miongo yake ya mwisho, alipokuwa tayari mzee na mvutaji sigara wa siku nyingi. Je, si rahisi zaidi kusema kwamba alikata irabu kwa sababu pumzi ilikuwa imepungua? Umri una sehemu yake, na uhakiki wa haki haupaswi kuugeuza kila upungufu kuwa mtindo. Lakini maelezo ya umri hayatoshi. Katika maonesho ya miaka hiyohiyo, Bi Kidude aliyeshika msondo aliimba kwa nguvu juu ya ngoma zinazovuma, bila kutulia, huku mikono yake ikifanya kazi ngumu. Pumzi iliyomtosha pale ingemtosha kuirefusha irabu mbele ya maikrofoni akiwa amesimama wima. Ufupi wa vimalizio vyake ulikuwa uamuzi wa sikio lililolelewa na ngoma, na uzee, kama uliongeza kitu, uliuthibitisha uamuzi huo.

Tofauti na Siti nayo inaeleweka vizuri zaidi kwa msingi huu. Bi Kidude hakuiga namna ya Siti ya kuimba. Alizichukua nyimbo zake akazihamishia kwenye mwili wa mpigaji ngoma. Kwa kufanya hivyo aliziunganisha sehemu mbili za Ng’ambo ambazo heshima ya mjini ilizitenga: baraza la taarabu na uwanja wa unyago. Aina ya kidumbaki, yenye vijingoma viwili, fidla na besi ya sanduku, ilikuwa imekwisha kuonesha kwamba mahadhi ya taarabu na midundo ya ngoma vinaweza kukaa nyumba moja. Bi Kidude alifanya upatanisho huo ndani ya koo la mtu mmoja.

6.0 Jukwaa, miiko na mipaka ya uhakiki

Kuupandisha msondo jukwaani kulizua maswali ambayo sifa za wageni ziliyapita kwa haraka. Unyago ni wa wanawake na una siri zake. Je, somo anayeupiga msondo mbele ya wanaume, watoto na watalii hajauza kilichokabidhiwa kwake? Waliouliza hivyo hawakuwa na chuki. Walikuwa na jambo la kulinda.

Mtazamo wa ngoma unasaidia kulijibu swali hili kwa uadilifu. Kilichoonekana jukwaani kilikuwa mkono na mzunguko wake: jinsi pigo linavyoshikwa, linavyovunjwa na linavyorudishwa. Mafunzo yenyewe yanahitaji mwari, faragha, muda na somo mwenye kumjua mtoto anayefundwa, na hayo hayapandi jukwaani hata yakialikwa. Kwa namna fulani, Bi Kidude alionesha sanaa ya unyago na kuyaacha mafunzo yake nyumbani. Hilo halifungi mjadala, kwani mpaka kati ya sanaa na mafunzo huwekwa na wenye unyago, si na wahakiki. Lakini linaonesha kwamba kuhakiki upigaji ngoma kunaweza kuwa njia ya heshima zaidi kuliko kukusanya na kuchapisha maneno ya nyimbo za ndani, jambo ambalo utafiti wa fasihi simulizi umelifanya mara nyingi kwa wepesi.

Kutokana na hayo, pendekezo la kimbinu linaweza kutolewa. Nyimbo za ngoma zinapoandikwa kwa ajili ya uhakiki, ziandikwe kwa mistari mitatu inayokwenda sambamba: mstari wa maneno, mstari wa mapigo na mstari wa mwili. Mstari wa kwanza uandikwe kwa idhini ya wenyewe, na pale idhini isipopatikana uachwe wazi. Mstari wa pili uoneshe mzunguko, pigo zito na pigo lililozimwa. Mstari wa tatu uoneshe nani anatenda nini: somo, waitikiaji, mwari. Hata mstari wa kwanza ukiwa mtupu, miwili iliyobaki itatosha kumfundisha msomaji mengi kuhusu ubunifu wa mpigaji. Kinyume chake si kweli: maneno peke yake, bila mapigo wala mwili, hayamfundishi jinsi wimbo ulivyofanya kazi.

Tahadhari moja inabaki. Kumtukuza Bi Kidude kama mpigaji ngoma kusigeuke kuwa njia nyingine ya kumtenga. Hakuwa mwanamke pekee aliyeushika msondo. Aliupokea kwa wanawake waliomtangulia na kuupiga pamoja na wanawake waliomzunguka, ambao majina yao hayamo kwenye majalada ya santuri. Inaelezea mengi kwamba neno “msondo” linapotajwa leo, wengi hufikiria kwanza bendi mashuhuri ya dansi ya Dar es Salaam, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964 na baadaye kuitwa Msondo Ngoma. Jina la ngoma ya akina mama limekuwa jina la muziki wa gitaa na tarumbeta za wanaume. Hakuna ubaya katika kukopa jina. Ubaya ni pale wakopeshaji wanaposahauliwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejadili kwamba kipaji cha Bi Kidude cha kupiga ngoma kilifichwa na mambo matatu: nasaba ya kisanii iliyomwona kama mrithi wa sauti, ngazi ya heshima iliyoweka fidla juu ya msondo, na arudhi inayopima maneno bila kupima mapigo. Kikirejeshwa mahali pake, kipaji hicho hakipunguzi hadhi ya sauti yake. Kinaieleza. Konsonanti zinazogongwa, irabu zinazozimwa na maneno yanayoingia nyuma ya pigo ni alama za mkono wa mpigaji ndani ya koo la mwimbaji.

Linalohitajika sasa lina muda wake. Sauti ya Bi Kidude imehifadhiwa katika rekodi, lakini nyingi kati ya hizo ziliielekeza maikrofoni kwenye kinywa chake. Maarifa ya mkono hayahifadhiki kwa namna hiyo. Hukaa kwa wanawake waliopiga pamoja naye na kwa wale aliowafunda, na huendelea kuwapo maadamu wapo watu wanaoyashika na vijana wanaoketi kando yao kujifunza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bi Kidude alitunzwa kwa uimbaji wake, nyumbani na ugenini. Uhakiki wa Kiswahili bado unadaiwa tuzo ya msondo, na wa kulipwa deni hilo kwa niaba yake ni wapigaji wenzake, kwa kusikilizwa wakingali hai.